Ngozi Hutunzwa, Haibadilishwi



Juma moja kabla sijaondoka kwenda Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, mdogo wangu wa kike alinijia nyumbani jioni akanipa noti zilizokunjwa ndani ya kikaratasi. Yeye ni muuzaji katika duka moja la vitambaa hapa Dar es Salaam, wala hana mshahara wa kuchezea. "Dada," akaniambia, "huko uendako ndiko kwenye krimu nzuri za kung'arisha uso. Niletee moja tu. Wenzangu kazini wanasema za Wakorea si mkorogo."

Nilimtazama. Mashavu yake yalikuwa yamepata wekundu usio wake, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimebaki vyeusi, hata mkono ukaonekana kama umeungwa kutoka kwa watu wawili. Mitaani husemwa kwa mzaha kwamba fulani ana uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Mzaha huo hauchekeshi unapomhusu ndugu yako.

Usiku ule alilala kwangu. Kabla ya kujipaka krimu yake alivua pete ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu mama yetu, akaiweka juu ya kisahani. Nilidhani anaogopa isichafuke kwa mafuta, kwa hiyo sikumwuliza neno.

Safari yangu ilikuwa ya kikazi, mafunzo mafupi ya waandishi wa habari. Jumamosi moja tulipopewa mapumziko, nililipia darasa la mchana mmoja la utunzaji wa ngozi na upambaji wa uso, moja kati ya yale ambayo huko hufundishwa kwa vitendo kwa wenyeji na wageni. Nilifuatana na binti Mtanzania anayesomea kemia katika chuo kikuu huko, ili awe mkalimani wangu. Nakiri kwamba kikaratasi cha mdogo wangu kilikuwa mkobani, na nia yangu ilikuwa kununua kile alichoniagiza.

BESENI KABLA YA PODA

Tulivua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi yao. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja na kioo chake, beseni lake na taulo ndogo nyeupe. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na uso wake haukuwa na rangi nyingi kama nilivyotazamia kwa mtu wa kazi hiyo. Jambo la kwanza alilotuamuru ni kunawa mikono. Jambo la pili ni kuweka mbali vikopo vyote vya poda na rangi. "Hivyo ni vya mwisho," alisema. "Anayepaka rangi juu ya ngozi isiyotunzwa ni sawa na anayepaka chokaa juu ya ukuta wenye unyevu."

Kisha tukafundishwa kunawa uso. Ndugu msomaji, usicheke. Mimi nimekwisha kupita miaka thelathini, nami nilikuwa sijui kunawa uso. Nilizoea kuusugua kwa sabuni ile ile ya kufulia leso, kisha nikaukausha kwa taulo kwa nguvu, kana kwamba uso umenikosea.

Wakorea hunawa mara mbili, hasa jioni. Kwanza hutumia mafuta maalumu ya kunawia. Mikono ikiwa mikavu na uso ukiwa mkavu, hupaka mafuta hayo na kuyazungusha taratibu kwa ncha za vidole kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha hulowesha vidole kwa maji kidogo, na mafuta yale hugeuka meupe kama tui. Hapo ndipo husuuza. Baada ya hayo hutumia sabuni laini ya povu, na maji ya uvuguvugu. Sababu yake ni nyepesi, na kila mama aliyeosha sufuria ya pilau anaijua: maji matupu hayaondoi mafuta. Rangi ya uso, losheni ya jua na mafuta ya ngozi yenyewe huyeyushwa na mafuta. Vumbi na jasho huondolewa na maji. Kukausha nako ni kwa kubandika taulo usoni na kuiondoa, bila kusugua.

Baada ya kunawa huja maji ya kulainisha ngozi, kisha vile vimiminika vizito kidogo vyenye dawa, kisha krimu. Kanuni ni moja: chepesi hutangulia, kizito hufuata, kwa maana kizito kikitangulia hufunga mlango. Tulibandikwa pia zile karatasi zilizoloweshwa majimaji, zenye matundu ya macho na mdomo. Mwalimu alitutaka tuziondoe baada ya dakika kumi na tano au ishirini, zingali na unyevu, wala si kungoja zikauke. Nilipojitazama kiooni nikiwa na karatasi hiyo nilidhani nimeona kinyago cha ngoma, na binti yule mkalimani alicheka hata yake ikamwanguka.

Mwanafunzi mmoja aliuliza habari za hatua kumi ambazo zimevuma duniani kuwa ndizo siri ya Wakorea. Mwalimu alitabasamu. Alisema hatua kumi huwafaa zaidi wenye maduka. Yeye mwenyewe hufanya nne, na siku akichoka hufanya tatu: kunawa, kulainisha, na kukinga jua. "Hizo nyingine," alisema, "ni za mwenye fedha na nafasi."

Hicho cha kukinga jua ndicho alichokisisitiza kuliko vyote. Alitupimia losheni juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa urefu wa vidole vyenyewe, akasema hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Na anayeshinda nje hana budi kurudia kila baada ya saa mbili. Losheni iliyoandikwa SPF 30 huzuia kiasi cha asilimia 97 ya ile miale inayounguza ngozi, na ya 50 huzuia kiasi cha asilimia 98. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa ajili ya namba kubwa, kisha akapaka kidogo kwa ubahili, amepata hasara mara mbili.

KOSA LA SANDUKU

Ikafika zamu ya upambaji. Mwalimu alileta vile visanduku vyenye sifongo iliyoloweshwa rangi ya uso, ambavyo Wakorea walianza kuviuza mwaka 2008 na ambavyo vimeigwa duniani kote. Kila kisanduku kina namba. Namba 21 ni ya mweupe, na 23 ni ya mweupe kidogo. Kwa wengi wa wateja wao, hesabu huishia hapo hapo.

Mwalimu alitafuta kilichokolea kuliko vyote alivyokuwa navyo, akanigusisha shavuni mara tatu. Chumba kizima kilinyamaza. Nilikuwa kama mtu aliyeangukiwa na debe la sembe. Wasomaji wangu, sikuona haya kwa ajili ya ngozi yangu siku ile. Lakini nitasema kweli, kwa dakika moja nilijisikia mgeni mbele ya kioo changu mwenyewe. Nikamkumbuka mdogo wangu, na nikafahamu jinsi mtu anavyoweza kuanza kudhani kwamba kosa ni lake.

Mwalimu hakucheka wala hakujaribu kuficha kwa kupaka zaidi. Alichukua mafuta ya kunawia, akaniosha mwenyewe kwa mikono yake, na mkalimani akanitafsiria aliyoyasema: "Uso wako hauna kosa. Kosa ni la sanduku langu." Kisha akanipamba kwa vile vilivyonifaa: wanja wa nyusi, rangi nyekundu iliyokolezwa katikati ya mdomo na kufifishwa pembeni kwa kidole, na mafuta kidogo juu ya mifupa ya mashavu ili mwanga uchezee hapo. Nilipendeza, na nilikuwa mimi yule yule.

Ni haki kusema kwamba mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2024 kiwanda kimojawapo cha Korea, baada ya kulalamikiwa na wateja weusi wa ng'ambo, kiliongeza rangi za visanduku hivyo hadi thelathini. Mlalamikaji asiyekaa kimya huwasaidia wengi.

UNGA WA CHOROKO NA PODA YA RISASI

Tulipokuwa tunakunywa chai ya shayiri, Mwalimu alitueleza mambo ya kale. Zamani wanawake wa Korea walinawa kwa unga wa choroko na kwa maji yaliyooshewa mchele, na nywele zao walizipaka mafuta ya mbegu za mti uitwao kamelia. Niliposikia choroko nilifurahi, nikamweleza habari za bibi zetu wa Unguja na mwambao: jinsi wanavyosugua liwa juu ya jiwe la msio, na jinsi bibi harusi anavyosingwa kwa singo ya maua na viungo vilivyotwangwa. Mwalimu alichukua kalamu akaandika. Nilijiuliza ni wangapi kati yetu waliowahi kuyaandika mambo hayo kutoka vinywani mwa bibi zao kabla hawajatutoka.

Lakini hakutusimulia mazuri peke yake. Alisema kwamba hata kwao weupe ulitukuzwa tangu zamani, kabla hawajamwona Mzungu, kwa maana mwenye uso mweupe alihesabiwa kuwa mtu wa jamaa bora asiyelima juani. Katika miaka ya 1910, nchi yao ikiwa chini ya ukoloni wa Wajapani, duka moja la Seoul lilianza kuuza poda nyeupe, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na Wakorea wenyewe. Ilipendwa kupita kiasi. Kumbe ndani yake mlikuwa na risasi, madini yenye sumu. Ngozi za waliojipaka ziliharibika, malalamiko yakaenea, na mwaka 1937 poda ile ikaacha kutengenezwa. "Bibi zetu walinunua ugonjwa kwa fedha yao," alisema Mwalimu.

Hapo nikakitoa kikaratasi cha mdogo wangu.

Mwalimu alikisoma kwa msaada wa mkalimani, akaniuliza: "Anataka kuondoa madoa, au anataka kubadili rangi?" Alieleza kwamba kwa sheria yao ya vipodozi, iliyoanza kutumika mwaka 2000, krimu yoyote inayodai kung'arisha hukaguliwa kwanza na serikali. Krimu hizo hutumia vitu kama niasinamidi, kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 5, na kazi yake ni kupunguza madoa polepole kwa majuma mengi. Hazimfanyi mtu kuwa mtu mwingine. Haidrokwinoni hairuhusiwi katika vipodozi vyao, wala zebaki. Basi anayeagiza krimu ya Korea akitumaini kubadilika rangi kwa siku saba, ama atavunjika moyo, ama atauziwa kitu cha bandia.

PETE JUU YA KISAHANI

Tulipokuwa njiani kurudi nilimsimulia yule binti habari za mdogo wangu, na kwa bahati nikataja ile pete. Binti alisimama pale pale kwenye ngazi za kituo cha treni ya chini ya ardhi.

"Dada, kopo lake limeandikwa avue pete?"

Nilimwambia sijui. Akanieleza jambo ambalo tangu siku ile sijaacha kulirudia kwa kila ninayekutana naye. Zebaki hushikamana na dhahabu na fedha. Ndiyo maana wachimbaji wadogo wa kwetu, kule Geita na kwingineko, huitumia kukamatia chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga. Kwa hiyo krimu inayokuonya usiigusishe na dhahabu, fedha au mapambo mengine, huenda inakiri yenyewe kwamba ina zebaki. Dalili nyingine ni kuandikwa neno "calomel", au jina lolote linaloanza na "mercur-", au kopo kutoonyesha kabisa vilivyomo ndani.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile rangi yetu ya asili ambayo ni mwavuli wa ngozi dhidi ya jua. Lakini haibaki juu ya ngozi. Huingia mwilini, ikadhuru mafigo na mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Na hata watoto wa nyumbani huweza kuipata kwa kushikwa na mikono iliyopakwa au kutumia taulo moja. Ulimwengu umeiwekea Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliteseka kwa sumu hiyo. Tanzania ilijiunga mwaka 2020, na nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki viondolewe kabisa ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo mkataba hauingii chumbani kwa mtu kumwangalia anachojipaka. Hiyo ni kazi yetu sisi ndugu.

Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na weusi wa kibuluu usiotoka. Mingine ina dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapata michirizi na kuchelewa kupona inapojeruhiwa. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: aliyezoea krimu za steroidi kwa muda mrefu asiziache ghafla kwa hofu baada ya kusoma makala haya, kwani ngozi huweza kulipuka vibaya. Aende kwa daktari wa ngozi, achukue na kopo lake, aseme kweli.

NILICHOLETA NYUMBANI

Nilimletea mdogo wangu chupa moja ya mafuta ya kunawia, losheni ya jua, na chenji yake yote iliyobaki. Alipofungua kifurushi uso wake ulianguka. "Dada, nilikutuma kitu kimoja tu," alisema. Kisha akaongeza maneno ambayo sikuwa na jibu lake la haraka: "Wewe unaandika gazetini, hakuna anayekuona. Mimi mteja hunitazama usoni kwanza. Pale dukani waliwekwa mbele weupe, sisi tukapelekwa stoo."

Ndugu zangu wenye maduka, na ninyi mnaoajiri, maneno hayo ni yenu zaidi kuliko yangu. Tunawalaumu mabinti kwa mikorogo, na wakati huo huo tunawapanga kwa rangi kama vitambaa. Na sisi wazazi, tunapomsifu mtoto mmoja kuwa "mweupe kama baba yake" mbele ya mwenziwe aliyenyamaza, tunadhani yule aliyenyamaza hakusikia?

Sikugombana naye. Nilimwonyesha picha niliyopigwa darasani nikiwa na mashavu ya sembe. Alicheka mpaka akatoa machozi, na mimi pia. Kisha nikamwomba alete kopo lake. Maandishi yalikuwa madogo mno, tukasogea dirishani. Halikuorodhesha kilichomo ndani. Lakini upande wa chini liliandikwa kwa Kiingereza kwamba mtumiaji avue vito vya dhahabu na fedha kabla ya kujipaka. Mdogo wangu alikuwa amelitii agizo hilo kwa mwaka mzima, kwa kuihurumia pete ya mama.

Alikaa kimya kitambo. Mwishowe akasema, "Kumbe niliihurumia pete tu."

Jumatatu iliyofuata tulikwenda pamoja hospitali. Daktari alimchunguza, akampima na mkojo kuangalia mafigo, akampangia namna ya kuacha taratibu. Sitadai kwamba rangi yake imekwisha kurudi. Jambo hilo huchukua miezi, na baadhi ya alama huenda zikabaki. Jioni moja moja hunijia tukanawa uso pamoja barazani, beseni katikati, akanikosoa kwamba bado nasugua.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, huhitaji Seoul wala fedha nyingi. Nawa jioni kwa upole, kwa sabuni laini isiyokausha. Ngozi ikiwa ingali na unyevu, paka mafuta au losheni uliyozoea. Kwa joto letu la pwani nyepesi yatosha. Mchana jikinge na jua kwa losheni ukiimudu, na kwa mwavuli, kofia au mtandio usipoimudu, kwa maana hata ngozi nyeusi huungua, na alama za chunusi hukolea zaidi juani. Mjini Moshi imekuwa ikitengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jambo hili si urembo bali ni uhai. Kitu chochote kipya kijaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja au mbili kabla ya kukipeleka usoni.

Na kabla ya hayo yote, leo hii ukimaliza kusoma, chukua kopo lililoko kabatini mwako, usogee dirishani, usome maandishi yake yale madogo. Ikiwa linakuagiza uvue pete, usivue pete. Liweke mbali kopo lenyewe.